Suti ya Baba na Mbuzi wa Mjomba

Kaeni karibu. Joël, zima hiyo redio ya jikoni, kisha weka simu yako hapa kwenye mto ishike kila neno, maana ninyi Kiswahili chenu ni cha kuomba chakula na kuitika, na haya nitakayosema mtahitaji kuyasikiliza mara tatu. Jocelyne, acha kulia. Sijafa bado, nikifa utajua, nyumba hii itakuwa kimya kwa mara ya kwanza. Na wewe, François, usisimame mlangoni kama mtu anayengoja teksi. Leta kiti, kaa ndani. Lakini usitie neno mpaka nikuruhusu, kwa sababu wosia huu ni wangu, na tangu nikufahamu hujawahi kuniacha nimalize ninachosema.

Nipeni maji kidogo. Vema. Daktari alisema wiki mbili, na aliponiona nimenyamaza akadhani sikuelewa Kiingereza chake, akarudia polepole. Nilimwelewa tangu mara ya kwanza. Nimekata vitambaa miaka arobaini, Kalemie, njiani, na hapa Johannesburg, na fundi akishika kipande kilichobaki anajua kama kinatosha gauni au kinatosha kola tu. Kwangu mimi imebaki kola. Basi tusipoteze kitambaa.

Tuanze na mali, maana mali ndiyo inayogombanisha watu waliotoka kulia pamoja. Nyumba hii ya Rosettenville ni yangu, haina deni la mtu yeyote. Niliinunua kwa yule mjane Mreno aliyeniomba, huku akinipa funguo, nisikate mzabibu wake wa uani, na sijaukata, na ninyi msiukate. Nyumba ni yenu wawili sawasawa. Mwanamume hana fungu kubwa na mwanamke hana dogo, wala mmoja asiuze bila mwenzake. Cherehani zote za chumba cha mbele ni za Benita, aliyekaa nami mezani miaka kumi na moja akishona sare za shule mpaka vidole vikavimba. Jocelyne, usikunje uso. Wewe ni mtu wa benki, unapanda treni ya kasi kwenda Sandton na viatu virefu, na mpaka leo kifungo cha blauzi yako kikikatika nakushonea mimi. Cherehani kwako ingekuwa meza ya kuwekea maua.

Kuhusu chumba cha nyuma, anapolala François, nitakuja huko. Hapo ndipo penye neno, na neno lenyewe haliwezi kupita Jumamosi.

Jumamosi watu wa Jimmy, mchumba wake, wanakuja kutoa dot, mahari ya Jocelyne. Orodha yetu wanayo: blanketi, vitenge vya mama, taa, chumvi, na mbuzi wa mjomba. Mjomba mmemweka François, mkamwambia akae kiti cha mbele ampokee mbuzi wake mbele ya watu. Mstari wa suti ya baba mmeufuta, kwa sababu tangu mko wadogo niliwaambia kwamba baba yenu alikufa njiani tulipokuwa tunakimbia vita.

Sasa nisikilizeni, na Joël usisimame. Baba yenu hakufa njiani. Baba yenu ni huyu hapa. François si kaka yangu, hajawahi kuwa kaka yangu hata siku moja, isipokuwa kwenye karatasi za serikali. Ni mume wangu, na ninyi wote wawili ni wake.

Jocelyne, usimtazame hivyo. Najua kilichokupita kichwani, na nakiondoa sasa hivi kabla hakijakaa: damu yenu ni safi. Mimi ni binti wa Kyungu, mlinzi wa ghala la reli, na Feza, aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, sokoni Kalemie. François ni mtoto wa karani Lukusa na Mama Victorine wa mtaa wa juu. Ukoo wake na wangu haukuwahi kukutana popote mpaka sisi wawili tulipoukutanisha. Aliyetufanya kuwa tumbo moja ni mimi, kwa mdomo wangu, mwaka tisini na saba, mbele ya dirisha la ofisi ya wakimbizi katika mji huu. Nilifanya kwa kusudi, nilifanya kwa kisasi, na siku ile nilifurahi sana.

Mtauliza, mbona umekaa kimya miaka yote hii, unasema leo? Kwa sababu ya mbuzi. Karatasi ni karatasi. Mtu anaweza kuidanganya serikali akalala usingizi, na Mungu anajua tulivyokuja. Lakini baba akipokea mbuzi wa mjomba kwa binti aliyemzaa mwenyewe, amemkana mbele ya koo mbili, walio hai na waliokufa, na mwiko huo kwetu hauna dawa. Muhuri unaweza kufutwa. Mbuzi akishaliwa hawezi kutapikwa. Ninyi mliozaliwa hapa mtasema hayo ni mambo ya kizamani, na semeni tu, lakini mimi na François tunayaamini, na wiki hii nzima nimemwona dirishani akipiga pasi koti lile la Jumamosi, analimaliza, analianza upya. Anakwenda kulitenda jambo hilo kwa sababu anangoja mimi niseme, na mimi nimemngoja yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo changu kimekwisha kukaa sebuleni.

Tulipendana kwa ukaidi, wanangu. François alikuwa kijana wa mashati yaliyopigwa pasi ndani na nje, Kifaransa chake cha kipadri, na mama yake alisema mbele yangu kwamba harufu ya ndagala haitoki hata kwa sabuni ya Marseille. Nikamjibu pale pale kwamba ndagala inatoka kwa kuoga, bali majivuno hayajapatiwa sabuni. François alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku niliyompenda, nilipomwona anathubutu kumcheka Mama Victorine kwa ajili yangu. Tangu hapo alinibebea kikapu changu cha vitambaa kutoka kwa fundi hadi nyumbani, mbele ya wenzake wa shule, na kwa kijana wa mtaa wa juu jambo hilo lilikuwa aibu tupu. Alileta dot nusu, na nusu ya pili ikakatizwa na vita.

Tulitoka Kalemie mwishoni mwa tisini na sita, tukapita Moba kwa miguu, tukaingia Zambia, tukafika Lusaka na nguo za mwilini tu. Nilikuwa na mimba yako, Joël, ya miezi mitatu. Huko kulikuwa na Mrundi mmoja mwenye duka la jumla, Papa Juvénal, aliyefahamiana na marehemu Lukusa tangu zamani. Alitufungulia geti kwa furaha, akamkumbatia François, kisha akauliza: na huyu binti ni nani? François akanitazama mimi, akatazama meza iliyoandaliwa ndani, akasema: ni dada yangu, Papa.

Ndiyo. Yeye ndiye aliyeanza. Baadaye aliniambia kwa kunong'ona kwamba hata Ibrahimu kule Misri alimwita Sara dada yake ili wapate kuishi. Nikamwambia, Ibrahimu alimwogopa Farao, wewe umeogopa kukosa wali. Maana Papa Juvénal alikuwa na binti, Diane, na alikuwa anatafuta kijana wa hesabu na Kifaransa wa kukaa naye dukani na, Mungu akipenda, nyumbani. Miezi miwili François alikula mezani, na mimi nikala jikoni na wafanyakazi, nikipeleka supu na kurudisha sahani. Siku ya kuzaliwa kwake Diane walicheza, naye amevaa shati nililolifua na kulipiga pasi mimi, na mimi nimeshika sinia, tumbo nimelifunga chini ya kitenge. Diane hakunikosea kitu. Alikuwa msichana mwema, alinipa viatu vyake. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote, kupewa viatu na mwanamke anayecheza na mume wako.

Asubuhi moja François akaingia jikoni na sanduku mkononi, akasema, twende. Aliacha kazi, aliacha kitanda chenye godoro, akamwacha Papa Juvénal amesimama getini mdomo wazi, tukaondoka. Nawaambieni hili ili mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Lakini samahani hakusema. Kutoka Lusaka mpaka mpakani, juu ya magunia ya malori, niliingoja samahani, na yeye akanizungumzia mvua na ubovu wa barabara. Nikasema moyoni, subiri, bwana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Zamu yetu ilipofika dirishani, kwenye ile ofisi ya wakimbizi hapa mjini, alikuwa amevaa shati jeupe, amejiandaa kutamka mbele ya serikali kwamba mimi ni mkewe. Mkalimani, Mtanzania mmoja mpole, akaniuliza mimi kwanza, kwa heshima ya tumbo langu: mama, huyu ni nani wako? Nikamtazama François machoni, nikasema: kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja, mume wangu alikufa njiani. Lo, utamu wake! Niliona uso ukimpauka. Nikangoja akatae, apige ile meza, aseme hapana, huyu ni mke wangu, nami ningecheka na kumsamehe hapo hapo. Yeye akainua kidevu, Mama Victorine mtupu, akasema: ndiyo, ni dada yangu. Karani akaandika majina ya wazazi wale wale kwa watu wawili, akagonga muhuri.

Nje, penye robot, taa za barabarani, tukingoja kuvuka, aliniambia: siku utakaponiita mume, nitaitika. Nikamwambia: siku utakapoomba msamaha wa lile jiko, nitakuita. Taa ikawa kijani, tukavuka, kila mtu na kiburi chake.

Nilidhani ni jambo la wiki moja. Hasira hasara, walisema wahenga, na mimi nilidhani walikuwa wanasema wengine. Karatasi ile ikazaa nyingine, na hiyo ikazaa nyingine, kila mwaka wa kuirefusha tukaapa upya kwamba tumenyonya titi moja, na nilipopata akili ya kumwendea mwanasheria, mama mmoja wa shirika la msaada, alivua miwani yake akaniambia, ukisahihisha hili ninyi nyote wawili mmekiri kuapa uongo, na sijui watawarudisha wapi. Basi tuliyoyafunga kwa kiburi yakakazwa kwa woga. François akapanga chumba jirani, na nilipopata nyumba hii akaingia chumba cha nyuma. Yeye ndiye aliyewapeleka shule amewashika mkono. Alilinda maduka ya watu miaka kumi na minane kwa sare na tochi, na kila siku ya mapumziko alikuja kukaa kwenye ngazi ya karakana yangu akisoma gazeti la jana, na wateja wakaniambia, Mama Marthe, umebahatika, kaka wa namna hii hawapatikani tena.

Jocelyne, unataka kuuliza wewe ulitokea wapi. Hata vita huwa na siku za kupumzika, mwanangu, na zaidi ya hapo mama hasemi. Tumbo lako lilipoonekana, pasta alinisimamisha mbele ya kanisa, akataka jina la mwanamume. Brigitte, mwenyekiti wa akina mama, alishika kipaza sauti akasema sitaketi mpaka nimtaje. Nikasema, sina jina la kutaja. Ndipo François akasimama upande wa wanaume. Nilijua akisema ukweli tumepoteza karatasi, na nilijua pia kwamba nilitamani auseme. Akasema: mtoto wa dada yangu atachukua jina langu. Kanisa zima likapiga makofi, eish, wengine walilia! Wakamfanya mzee wa kanisa kwa wema wake wa kumpa mtoto wake mwenyewe jina lake mwenyewe, na mimi wakanikalisha benchi la nyuma mwaka mzima bila meza ya Bwana. Nilipofika nyumbani nilicheka, kisha nikalia, kisha nikashona magauni matatu.

Maji tena. Inatosha.

Hayo yote, François na mimi tulitendeana wenyewe, na wenyewe tumeyala. Lakini yupo mtu asiyekuwa na hatia. Mnamjua. Ni yule mnayemwita Papa wa Duka, mwenye kispaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, anayewaletea biskuti kila Krismasi na kukaa ukingoni mwa kiti. Yule ni Évariste, mdogo wangu, tumbo moja, wa Feza na Kyungu. Joël, ulikuwa na miaka kumi na moja alipofika, ukaniuliza mbona yule papa ana pua yako, nikakutuma dukani. Alivuka nchi nne akinitafuta. Aligonga mlango, nikamkumbatia, nikampa chakula, na kabla hajamaliza kula nikamwambia: kwenye karatasi zangu kuna nafasi ya kaka mmoja, na imejaa, ukijitaja wataanza kuuliza, sema wewe ni mtu wa kwetu tu. Aliweka kijiko chini, akasema, sawa, dada. Hajaniita dada tena mbele ya mtu. Mwaka ule wa vurugu walipovunja duka lake, alikuja hapa na shati moja, akalala siku tatu chini ya meza yangu ya kukatia, na ninyi mkamsalimia kama mteja. Nililenga kisasi kwa François, kikampata Évariste, asiyejua hata Lusaka ina barabara ngapi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilimtanguliza mdogo wangu. La dirishani namwomba Mungu msamaha mara mojamoja. La Évariste namwomba kila siku.

Na sasa nawaambia kilichonishinda. Mwezi uliopita, hospitali, kabla hawajanipasua, muuguzi alileta fomu, akauliza, mume yupo wa kutia saini? François akanitazama. Nilikuwa na mpira wa hewa mdomoni, siwezi kusema, na yeye bado ananingoja, mpaka pale! Akachukua kalamu, akaandika yeye ni kaka. Muuguzi akamshukuru, akamwambia basi asubiri nje, chumba kile hukaa mume au mke tu. Nikamwona anatoka kinyumenyume, kofia kifuani, mpaka mlango ukafungwa. Nikajiambia, Marthe, umeshinda. Miaka ishirini na miwili, na ushindi wenyewe ndio huu.

Basi nimeuchoka. François, mume wangu. Nimelisema mbele ya watoto wako, sikulazimishwa, na wewe hujaomba chochote. Usidhani nimeshindwa, anayetangulia kusema ndiye mkubwa, na mimi nilikuwa mkubwa wako tangu siku ya ndagala. Sasa nimekuruhusu. Sema.

Eh? Usiseme na kofia. Inua uso, watoto wasikie.

Mmesikia? Joël, umesikia? Anasema alidhani kuondoka Lusaka ndio ulikuwa msamaha wenyewe. Anasema alipoingia jikoni na lile sanduku, mbele ya wapishi na wafanyakazi wote, alikuwa ameniomba kwa jinsi alivyojua, na dirishani alidhani mimi ndiye niliyeukataa.

Ah, François.

Niacheni nicheke. Nipigeni mgongo… taratibu. Mjinga wewe. Na mimi mjinga zaidi, kwa sababu nilikuwa na mdomo na sikuuliza. Ninaumwa, wanangu, na safari hii si kifua. Basi nimeupokea, François. Umechelewa kufika, lakini nimeupokea.

Sasa fanyeni hivi, kwa sababu pumzi inaniacha. Jocelyne, leo hii mpigie Jimmy, umwambie awaambie wazee wake mstari wa suti ya baba umerudi. Watalalamika, watasema marehemu amefufuka na anataka kuvaa. Waambie ndivyo, amefufuka, anavaa namba hamsini na mbili, na iwe ya kijivu. Nyeusi ataivaa kwa ajili yangu. Joël, kesho asubuhi nenda Diepsloot. Usimwite Évariste kwa simu, nenda na miguu yako, upige magoti hapo hapo dukani kwake mbele ya wateja, umwambie: mjomba, mama anakuita, mbuzi wako anakuja Jumamosi. Akikataa, kaa hapo mpaka akubali. Akiuliza kwa nini sikuja mwenyewe, mwambie miguu imekataa, moyo ulikuja zamani.

Serikali waachieni karatasi zao. Msiende kwa kishindo mkamtia baba yenu matatani uzeeni. Tafuteni wakili mwenye akili, afanye polepole. Lakini kanisani semeni wazi, siku ya kunizika, kwa jina lake na langu. Brigitte akileta chakula kwenye matanga, mpokeeni kwa mikono miwili, mshukuruni, nimemsamehe. Ila asishike kipaza sauti.

Jocelyne, mwanangu. Una kidevu cha Mama Victorine na mdomo wangu, Mungu amsaidie huyo Jimmy. Akikukosea, mwambie kosa kwa jina lake siku ile ile. Na akikufanyia jambo jema bila kusema kitu, muulize lilikuwa na maana gani. Uliza tu. Haitakupunguzia kitu.

Chumba cha nyuma… kifungueni madirisha, mumpe Benita aweke vitambaa. Baba yenu mhamishieni humu, kwenye kitanda hiki, upande wa ukutani, maana anapenda ukuta. Na kwenye matanga nisikilizeni vizuri. Najua atakavyofanya. Atavua koti, ataanza kupanga viti uani na kufunga turubai na kuuliza nani hajapata chai, kama kaka wa marehemu. Mkatazeni. Mnyang'anyeni hivyo viti. Mketisheni ndani, kwenye godoro chini, mahali pa mjane, na kila aingiaye ainame ampe pole yeye kwanza. Hata akiona haya. Hasa akiona haya.

Leteni vichwa vyenu hapa… chini zaidi, mkono hauinuki. Mungu aliyetuvusha mito mimi na baba yenu tukiwa hatusemezani, awavushe ninyi mkiwa mnasemezana. Milango mtakayogonga ifunguliwe, na mkiulizwa ninyi ni akina nani, msione aibu kujibu. Joël, uwe na nyumba yenye kelele. Jocelyne, uzae… wakaidi wenzako. Aliyewatakia mabaya achoke njiani. Nimewabariki kwa matiti niliyowanyonyesha. Imekwisha.

Nasikia watu barazani. Ni akina mama wa kanisa, wamekuja kuomba… nasikia wanavua viatu. Brigitte yumo, kikohozi chake nakijua.

François, njoo huku. Kaa hapa kitandani. Nipe mkono… si hivyo, si kama unanipima homa. Shika kama mtu aliyeoa. Ndiyo.

Jocelyne, wafungulie.

Usiuachie, François. Wanaingia… usiuachie.